Neno Nililoshindwa Kumpa Mama

Kaka yangu aliuawa Kongo, alikokwenda na wanajeshi wenzake kulinda amani. Habari zililetwa nyumbani kwetu Titye asubuhi, tukiwa tunapura maharage uani, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia mama.

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha salamu na bei. Maneno marefu yalimpita. Tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa mdomo wake na masikio yake, kwenye mikutano ya kijiji na kliniki. Wageni walisema Kiswahili, mimi nikamgeuzia kwa Kiha, lugha yetu. Hata nilipoolewa na kuhamia Kibondo, ambako nina cherehani yangu, alinisubiri nije ndipo aende ofisi yoyote.

Kaka alinizidi miaka minne. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyeshika jembe mpaka mimi nikamaliza shule, kisha akaenda jeshini. Likizo kwake haikuwa mapumziko. Anafika jioni, kesho yake alfajiri yuko shambani na suruali ya jeshi iliyopauka, majirani wanamtania kwamba kamanda amekuja kupigana na magugu. Nyumba ya mama aliiezeka bati mwenyewe. Kutoka Kongo alipiga simu kila Jumapili.

"Huku watoto wanaitwa batoto," aliniambia mara ya mwisho, huku anacheka. "Kiswahili chao kinafanana na Kiha, mama angekiweza."

Siku ile, nikiwa nimekuja kumsaidia mama mavuno, waliingia watu watatu: maafisa wawili wa jeshi na mtendaji wa kijiji, kijana wa Tabora aliyehamia kwetu karibuni. Mama akawasalimu, "Mwakeye," akawapangusia viti. Afisa mkubwa akavua kofia. Alisema kwamba kijana wetu amepoteza maisha akitekeleza jukumu la ulinzi wa amani, na kwamba jeshi linaungana nasi katika majonzi. Kisha akanitazama.

"Tafadhali, mweleze mama."

Mama naye alikuwa ananitazama, maganda ya maharage yamemjaa kwenye kitenge. Nilifungua mdomo. Nilijua neno, kwa Kiha ni fupi kabisa. Lakini nikajisikia nikimwambia, "Ameumia. Wamemlaza hospitali."

Mama aliinuka, akakung'uta maganda, akaingia ndani.

"Mama yenu ni jasiri," afisa alisema kwa sauti ya chini.

Nilisikia sanduku likifunguliwa, vyombo vikigongana. Mama akatoka amejifunga kitenge kipya, mkono mmoja chupa ya chai, mwingine unga wa uji kwenye mfuko. Akaniambia, "Waambie wanisubiri nifunge mlango. Naenda nao. Nani atampikia huko?"

"Anakwenda wapi?" afisa akauliza.

"Sijamwambia," nikasema. "Nimemwambia ni mgonjwa."

Yule afisa mkubwa alinitazama bila hasira. Akaenda akainama mbele ya mama, akampokea ule mfuko wa unga na kuuweka chini taratibu. Akasema kwa Kiswahili cha polepole: "Mama, mwanao amekufa."

Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Mama aligeuka akaniangalia, si afisa, mimi. Ndipo akaanguka.

Tulimzika kaka siku ya nne. Mke wake alikuja na jeneza kutoka kambini walikokuwa wakiishi, binti yao wa miaka miwili mgongoni. Tuliambiwa jeneza lisifunguliwe. Risasi za heshima zilipopigwa, mbuzi wa jirani walikata kamba, na mama akamziba mjukuu masikio kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo muda mrefu baada ya kimya kurudi. Wifi alipewa bendera iliyokunjwa. Baada ya arobaini alirudi kwao Kasulu mjini, na kila shule zikifungwa hutuletea mtoto. Ana kidevu cha baba yake.

Mara moja tu nilijaribu kuomba radhi. Tulikuwa tunapanda mihogo, nikasema, "Mama, siku ile..."

Hakusimamisha jembe. "Nilimfungia uji mtoto aliyekwisha kufa," alisema. "Mbele za watu." Akaenda tuta linalofuata.

Mwaka jana presha ilimpanda, nikamchukua kukaa nami Kibondo. Hospitalini, muuguzi alipoanza kueleza dawa, nilisogea kama nilivyozoea. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Acha. Nitasikia mwenyewe."

Akamsogelea yule muuguzi, shingo ameinyoosha, macho hayabanduki kwenye midomo yake. "Sema polepole," akamwambia. Muuguzi alirudia mara tatu: kidonge kimoja asubuhi, apunguze chumvi, arudi baada ya mwezi. Nilikaa pale mikono mapajani, nikiyasikia yote.

Njiani sikumuuliza ameelewa nini. Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kopo la chumvi na kulimwaga lote nje, nyuma ya choo. Mume wangu alilalamika siku mbili hivi, kisha akazoea. Mimi nakula hivyo hivyo.