Siku Khatibu Alipozima Injini

Khatibu Mbwana ni mtu wa Tanga, na kwa miaka ishirini na moja sasa anaendesha tingatinga kusini mwa Johannesburg, kwenye vile vilima vya mchanga wa njano uliobaki baada ya watu kuchuja dhahabu yao na kwenda zao. Anaishi mtaa wa La Rochelle mjini humo, chumba na sebule, pamoja na mkewe Zuhura na binti yao Yasmin, anayeulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kizulu. Ana ada moja ambayo wasimamizi watatu wamepigana nayo, na wote watatu wameshindwa. Adhuhuri ikifika anashusha jembe la mbele, anazima injini, anatandika msala kwenye kivuli cha mashine na kusali. Ukimwambia aiache ingurume tu, mafuta si yake, atakuuliza kama amekuja kusali au kushindana na lori.

Sasa mtu kama huyu ndiye aliyepelekwa barafuni.

Dereva mmoja wa kampuni yao, aliyekuwa aende msimu wa kiangazi kwenye kituo cha utafiti huko mwisho wa kusini wa dunia, alivunjika mguu wiki tatu kabla ya meli kuondoka, likatajwa jina la Khatibu. Zuhura aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Yasmin, wewe ambaye Julai ya hapa tu unalala na kofia na soksi mbili!" Lakini alikwenda. Huko Cape Town wakafundishwa wiki nzima na kiongozi wa msafara, Bi Lourens, mwanamke wa misimu kumi na moja ya barafu na maneno machache. Jambo moja alilirudia mara tatu: kati ya baharini na kituoni, injini haizimwi. Mnakula ikinguruma, mnalala ikinguruma. Khatibu akatia sahihi kwamba ameelewa. Na alielewa, msimdhanie mjinga.

Fundi aliyepangwa naye alikuwa Pitchou, mtu wa Lubumbashi, mpole wa sura na mkali wa ulimi, muumini wa kanisa moja la mtaa wa pili, Turffontein, lenye spika nane. Kumbe walikuwa majirani miaka saba, wananunua mkate kwenye spaza moja, kiduka cha mtaani, na ilibidi wavuke bahari ndipo wajuane majina. Joburg ndivyo ilivyo.

Kazi yao ilikuwa kuvuta shehena ya dizeli kutoka ukingo wa barafu hadi kituoni, mwendo wa siku sita. Tingatinga la Bi Lourens lilitangulia kwa mwendo wa nusu siku, la Khatibu likafuata likiburuta matangi matatu na kibanda cha kulalia, vyote juu ya miguu mirefu ya chuma inayoteleza. Na hapo Khatibu akaona asichokuwa na jina lake. Weupe ulianzia miguuni ukaenda mpaka macho yakachoka, na ulipofika huko ukaendelea. Hapakuwa na mti, jiwe wala ndege. Jua halikutua, lilizunguka pembeni mwa mbingu kama ngamia wa kinu cha mafuta, siku baada ya siku. Aliambiwa barafu iliyo chini yake ina unene wa kilima juu ya kilima, na kwamba theluji ya chini kabisa ilianguka kabla hajazaliwa babu wa babu yake. Akasema subhanallah, na baada ya saa moja akaisema tena, maana kila alipotazama aliona ile ya kwanza haikutosha.

Sala aliifuata kwa saa ya nyumbani, kama alivyoshauriwa na shekhe wa La Rochelle. Siku tatu alisali kitini, ndani, meno yakigongana kwa mtetemo, na siku tatu moyo wake ukamwambia hiyo si sala. Siku ya nne upepo ulilala. Adhuhuri ya Johannesburg ilipofika, Pitchou alikuwa usingizini kibandani, maana walipokezana. Khatibu alisimamisha mashine, akatafuta kibla kwenye kifaa cha ramani, akavuta mstari kutoka pale alipo hadi Makka. Akauangalia, akaufuta, akauvuta upya. Mstari ulipita Johannesburg. Kutoka hapo ulipanda ukaipita Tanga kwa karibu, ukaenda kufika. Yaani akielekea kibla, Zuhura na Yasmin wako mbele yake, mama yake mzazi yuko nyuma yao, na nyuma ya mama ipo Al-Kaaba. Wote safu moja.

Mazoea yana taabu. Mkono ulishusha jembe. Mkono huohuo ukazungusha ufunguo.

Alishuka na msala wake, akasali zile rakaa za msafiri, akatoa salamu kulia na kushoto. Ndipo akasikia mtu anagonga. Aligeuka kutazama nani, na hapakuwa na mtu. Ulikuwa moyo wake.

Alikuwa hajawahi kusikia kimya, maskini. Alizaliwa jirani na reli, akakulia gereji, akazeekea kwenye mashine; La Rochelle kwenyewe honi ikinyamaza king'ora hudaka. Sasa alisikia damu ikipita masikioni. Alisikia kope zake zikifumba. Alihofu, kisha hofu ikamwacha, akabaki amekaa juu ya barafu machozi yakimtoka na kuganda kwenye ndevu, naye hana habari. Alidhani amekaa dakika tano. Zilikuwa arobaini na tano.

Kilichomwamsha Pitchou ni kimya hichohicho. Alitoka kibandani buti moja mguuni.

"Papa Khatibu! Ni nani alizimisha moteur?"

Khatibu alijinyoshea kidole kifuani.

"Wewe? Unataka tufwe hapa sawa samaki ya frigo?"

Alirukia ndani, akazungusha ufunguo. Mashine ilikohoa mara moja ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye chujio na mirija. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri, na hita ya kibanda ilikula umeme wa injini ileile. Kwenye redio Bi Lourens aliwaambia bila kupaza sauti kwamba dhoruba inawafikia jioni, na kwamba yeye hawezi kuwafikia kabla yake. Injini isipowaka mpaka hapo, wawili hao wangeingia kwenye upepo ule wakiwa ndani ya sanduku la bati lisilo na moto.

Wakaifunika mashine kwa turubai, wakawasha jiko la gesi chini yake. Pitchou alibadilisha chujio mikono mitupu, maana glavu hazishiki skrubu, na ngozi ya kidole chake kimoja ikabaki kwenye chuma. Khatibu alishika taa, alipasha mirija kwa viganja, aliomba radhi. Mara ya kwanza Pitchou alimtukana kwa Kifaransa. Mara ya pili alimtukana kwa Kiswahili. Baada ya saa ya pili aliacha kutukana, na baada ya saa ya nne zikasikika spana tu na pumzi zao. Kusini mbingu ilianza kubadilika rangi.

Saa ya tano Pitchou alipanda kitini, akashika ufunguo. Hakuzungusha.

"Washa, bwana!" Khatibu alilia. "Upepo huo!"

"Ngoja kidogo."

"Ungoje nini?"

"Papa, nyamaza. Ikiwaka, hatutasikia tena."

Walinyamaza, mmoja kitini, mmoja amesimama juu ya theluji. Khatibu anasema ilikuwa dakika moja. Pitchou anasema ni zaidi. Kisha Pitchou akajifanyia ishara ya msalaba, akazungusha. Mashine ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Khatibu aliangukia mnyororo wa tingatinga akaukumbatia.

Dhoruba iliwapiga siku mbili, hita ikiwaka. Walipofika kituoni Pitchou alimvuta kando. "Mi nitasema mafuta ilikuwa michafu. Nani atajua?" Khatibu alitikisa kichwa. Aliingia kwa Bi Lourens akaeleza yote, msala, mstari wa kibla na zile dakika arobaini na tano. Bi Lourens aliandika, akamshukuru kwa ukweli wake, na akamwambia kwamba akisharudishwa nyumbani hatapanda meli ile tena. Khatibu alimpa mkono. Alijua kwamba angekuwa yeye kiongozi, angefanya vilevile. Lakini usiku wa kurudi La Rochelle alilia kitandani, na Zuhura, aliyezoea kumtania, hakumtania.

Msimu uliofuata Pitchou aliitwa, Khatibu hakuitwa. Akarudi kwenye mchanga wake wa njano. Desemba, adhuhuri, amekwisha kuzima injini na hajatandika msala, simu ikaita kwa namba ndefu asiyoijua.

"Papa Khatibu! Ni Pitchou. Niko kule barafuni, kwa ile njia yetu yenye kuwekwa bendera. Nilitembea nusu saa nzima, machine niliiacha kule na mwenzangu, inanguruma lakini haifiki huku tena. Uko tayari?"

"Tayari kwa nini?"

"Sikiliza tu."

Pitchou akanyamaza. Khatibu aliziba sikio la pili kwa kiganja, akafumba macho, akabana simu mpaka sikio likauma. Upande wa huko ulikuja mchakacho wa setilaiti, kama mafuta kwenye kikaango. Upande wa huku barabara kuu ilivuma, helikopta ilipita, mtu alipiga honi akapigiwa. Alibana zaidi. Hakupata kitu. Hata hivyo hakukata simu, wala Pitchou hakukata, na Khatibu alimwona mwenzake kwa macho ya moyo, mtu wa watu amesimama peke yake kwenye weupe ule, mkono umenyoosha simu hewani, vidole vinaganda.

"Umesikia, Papa?"

"Nimesikia," Khatibu akasema, na huo ndio uongo pekee aliousema katika mambo yote haya.