Mdoli Hupanda Kwanza

Saa mbili na nusu asubuhi, mwalimu wa chekechea amepiga magoti sakafuni, gundi imemganda vidoleni, anabandika mabawa ya boksi. Watoto thelathini na wanne wamemzunguka. Kila mmoja anataka kuwa rubani, abiria hakuna.

"Waliruka sekunde ngapi?"

"Kumi na mbiliii!"

Anawasimulia ndugu wawili, mafundi baiskeli, walioirusha ndege yao ya injini kwa mara ya kwanza, kwa sekunde hizo tu, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kwa kawaida, baada ya hapo mtoto mmoja hukimbia uwanjani na mabawa, wenzake wakihesabu hadi kumi na mbili. Basi, safari imekwisha!

"Mtoto akijua jambo kubwa lilianza dogo hivyo, haogopi kujaribu," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mmoja, ambaye ndege yenyewe huiona ikipita tu.

Leo, hata hivyo, hakuna mtoto atakayekimbia. Wiki iliyopita binti mmoja wa darasa lake alijifunga mabawa nyumbani, akapanda juu ya kabati, akaruka. Jino likabaki sakafuni. Mama yake, fundi cherehani, alikuja juu kwelikweli. Sasa amekaa nyuma ya darasa na mwalimu mkuu, wote wamenuna. Wasiporidhika, somo la ndege linafutwa.

"Kosa ni langu," mwalimu anakiri. "Niliwafundisha kuruka, nikasahau kuwaambia kwamba wale ndugu walijaribu kwanza kwa kishada cha kushikiliwa kwa kamba, bila mtu juu yake."

Kwa hiyo leo anaruka mdoli, na mkaguzi ni yule yule binti wa pengo. Anamfunga mdoli mabawa, anamwachia kutoka juu ya kiti. Puu! Kichwa chini.

"Haruki mtu hapa!" anaamuru. "Rekebisheni!"

Darasa zima hoi kwa kicheko. Mama mtu naye anashindwa kujizuia. Anainuka, analigeuza bawa mkononi.

"Mwalimu, hapa pamelegea. Kesho nakuletea uzi mnene."

Mwalimu mkuu anasimama. "Somo libaki. Ila makabati, marufuku!"

"Jamani, nimepona," mwalimu anashusha pumzi. Anadunduliza nauli ya ndege mwaka wa tatu sasa. "Nitapanda ndege mara moja tu, nirudi niwaambie watoto wangu mawingu yakoje ukiwa juu yake."

Mkaguzi amesikia. Anamvuta sketi, uso umejaa wasiwasi.

"Mwalimu, usipande wewe kwanza. Apande mdoli."