Msimamizi wa Kiti cha Kinyozi

Tuelewane mapema: sikuiba kitu. Hata kichana kimoja. Watu wa mtaani kwetu wana midomo, na najua wanayoyasema nikishawapa kisogo, lakini waende mahakamani wakasome orodha ya mali niliyoiandika kwa mkono wangu. Mikasi minne, mashine za kunyolea tatu na moja kati yake mbovu, vitambaa vya shingoni saba, kioo kikubwa chenye ufa pembeni, kiti cha kuzunguka kimoja. Vyote vilimfikia mwenyewe. Nilichokifanya mimi ni kitu kingine, na bora nikisimulie mwenyewe kabla hawajakitia chumvi.

Kwa miaka thelathini na nane nilikuwa karani wa masjala, chumba cha mafaili, kile cha mwisho ukishapita ngazi, chenye kidirisha cha nondo. Ukitaka faili lako, utake usitake, unakuja kwangu. Jina nililopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu. Kila mtu ananiita Njoo Kesho. Sikatai. Kazi ile ilinifundisha jambo: ukimpa mtu karatasi yake leo, anakwenda zake, hata asante anaisahau mlangoni. Ukimwambia njoo kesho, kesho anakuja, anakuamkia kwa adabu na kukuuliza umelalaje. Nilikuwa nasalimiwa na watu arobaini kwa siku. Nilipostaafu nikabaki na wawili, muuza duka wa jirani na kinyozi.

Kinyozi alikuwa rafiki yangu. Neno hilo siku hizi watu wanaligawa ovyo, kwa hiyo nieleze. Jumamosi moja naenda, inayofuata naruka, saa tatu asubuhi, kwa miaka thelathini na moja, nilikaa kwenye kiti chake akanifunga kitambaa shingoni akaninyoa. Mke wangu alipofariki nikawa sitoki, alikuja nyumbani na mashine mfukoni akaninyoa sebuleni. Mimi na mke wangu hatukujaliwa mtoto. Yeye alikuwa nao watatu, na wote waliniita baba mdogo: wa kwanza mwanamume, fundi mitambo katika mji wa mbali, wa pili binti, nesi, na kitinda mimba, binti pia, ambaye tangu ana miaka saba ndiye aliyekuwa akifagia nywele zangu sakafuni. Huyo wa mwisho ndiye aliyefuata kazi ya baba yake. Wateja walinung'unika mwanzoni, eti mwanamke atanyoaje wanaume, mpaka walipoonja mkono wake wakanyamaza.

Siku alipoandika wosia, kinyozi aliniita nyuma ya saluni akanisomea. Saluni na vyote vilivyomo, vya kitinda mimba. Nyumba ya nyuma, ya wakubwa wawili. Msimamizi, mimi.

"Na mimi umeniachia nini?" nikamtania.

"Nikikuachia kitu watasema umejipendelea. Nakuachia kazi. Katika watu wote ninaowajua, wewe tu hujawahi kupoteza karatasi ya mtu." Kisha akacheka lile cheko lake la puani. "Ila, Njoo Kesho, nakuomba. Wanangu usiwazungushe."

Tulicheka wote wawili. Miezi minne baadaye nikamzika.

Hakimu aliyenithibitisha alikuwa mama mmoja mkavu, asiyependa maneno mengi. Aliniambia mbele ya watoto wote watatu: "Mzee, wewe si mrithi. Una uwezo wa kufunga na kufungua, kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu, kutia sahihi pale ambapo yeye angetia. Lakini vyote hivyo unavishika kwa ajili ya hawa. Usivitumie kwa faida yako. Wakikuuliza, waambie ukweli. Na usiwacheleweshe."

Nikajibu, nimesikia mheshimiwa. Na nilisikia kweli, masikio yangu hayana tatizo.

Miezi ya mwanzo nilikuwa msimamizi wa kupigiwa mfano. Niliifunga saluni kwa kufuli mpya ili kisipotee kitu mpaka mgawanyo ukamilike, na kitinda mimba akakubali bila kinyongo. Akaenda kukodi kiti kwenye saluni ya mtu, barabara ya pili, akawa ananyoa karibu na mlango vumbi likimpiga. "Ni kwa muda tu, baba mdogo," akaniambia, kama vile mimi ndiye wa kubembelezwa. Nilipanga foleni ofisi ya ardhi, nikaenda benki, nikajaza fomu kwa mwandiko ambao makarani wa siku hizi hawajawahi kuuona. Na jioni simu ilikuwa inaita. Jamani, simu yangu ilikuwa inaita! Fundi mitambo alipiga Jumapili: "Baba mdogo, tumefikia wapi?" Nesi alipiga akiwa mapumzikoni, nasikia vikombe vinagongana. Kitinda mimba alikuja mwenyewe kila Jumanne baada ya kazi, akapika chai jikoni kwangu, akaosha vyombo vilivyolala, akakaa kwenye kiti cha mke wangu kusikiliza taarifa ya wiki. Warithi wana haki ya kupewa taarifa. Mimi niliwapa, kijiko kijiko, kama dawa ya mtoto.

Halafu kazi ikaisha.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Karani wa mahakama, dada mmoja mchangamfu, alinipa bahasha ya kaki yenye hati zote za kuhamisha mali, zimepigwa mihuri. Zilibaki sahihi za warithi, kukabidhi, na mimi kurudisha taarifa ya mwisho ili faili lifungwe. "Hongera, mzee," akasema, "wengine huwachukua miaka." Nilirudi nyumbani na ile bahasha nikaiweka mezani. Nikaitazama. Nikawaza: nikiwapigia leo, watakuja, watatia sahihi, watanishukuru sana. Halafu Jumanne nani atakuja?

Nikaifungua droo ya kabati, nikaitumbukiza bahasha chini ya soksi.

Nilijiambia ni wiki moja. Ikawa miezi saba. Kuzungusha watu naijua, ndiyo iliyonilisha. Fundi mitambo nilimwambia ofisi ya ardhi imekosea namba ya kiwanja. Nesi nilimwambia hakimu yuko likizo. Kitinda mimba nilimwambia orodha ya mali haijakaa sawa, nimeandika mikasi minne na naiona mitatu, lazima nihakiki upya. Akasema, "Baba mdogo, mkasi mmoja si kitu, sitaudai." Nikamjia juu! Nikamwambia sheria ni sheria, mimi si mtu wa kupindisha mambo. Akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi, wajameni, na mimi nikaipokea.

Jumanne nyingine alikuja akiwa mnyonge. Mwenye saluni alitaka kiti chake, kuna ndugu yake anataka kuanza kazi. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi. "Nikikosa pa kukaa, wateja wangu watatawanyika. Wateja ni wa baba, wengine wameanza naye wakiwa vijana. Wakishazoea kwingine hawarudi." Alinitazama usoni. "Itakuwa imekamilika, sivyo?"

"Tuko ukingoni kabisa," nikamjibu. Bahasha ilikuwa hatua tano kutoka alipokaa.

Na bado sijasema la aibu zaidi. Wote niliwaambia saluni haifunguliwi, amri ya mahakama. Uongo. Funguo ninazo mimi, na kila Jumamosi yangu, saa tatu, nilipitia mlango wa nyuma, nikawasha taa ya juu ya kioo, nikakaa kwenye kile kiti. Nilijifunika kitambaa magotini. Nywele zangu hazikuwa zimeguswa tangu mazishi. Katikati upara, pembeni vichaka vimefunika masikio, mzima mzima natisha. Nilikaa nusu saa nikiongea na kioo. Nilimweleza kinyozi habari za wanawe, nani kapiga, kasema nini. Harufu ya spiriti na poda ilikuwa bado imo, nikifumba macho namsikia akipuliza nywele kwenye mashine.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikuwa nimekaa hivyo hivyo, macho nimefumba, mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nilisahau kuufunga kwa ndani. Kwenye kioo nikamwona kitinda mimba amesimama, begi lake la vifaa begani, bila shaka taa ndiyo iliyomvuta.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Jana nimeondolewa," akasema. "Nikaenda mahakamani kuulizia mwenyewe. Yule dada kanishangaa. Anasema hati ulizichukua miezi saba iliyopita, tena ulitia sahihi kwenye daftari." Akavuta pumzi. "Baba mdogo, hati ziko wapi?"

Nikajaribu kuinuka, kitambaa kikaninasa miguuni. Nilitaka kusema nisamehe. Nilitaka kusema naogopa, mwanangu, naogopa ile nyumba yangu, ukuta unanitazama na mimi nautazama. Nikausikia mdomo wangu ukisema:

"Njoo kesho."

Akacheka. Cheko la puani, la baba yake kabisa, ila lilikatika katikati na machozi yakamtoka. "Alikuomba usituzungushe. Alituambia hospitalini, akasema ameshakuomba, tusiwe na wasiwasi, wewe ni mtu wake." Akanyoosha mkono. Nikampa funguo. Nikatembea mpaka nyumbani naye nyuma yangu, nikatoa bahasha chini ya soksi nikampa.

Lililobaki lilikwenda upesi, maana halikuwa na kazi. Warithi watatu walifika mahakamani, wakatia sahihi, na mimi nikasoma taarifa ya mwisho kwa sauti. Hakimu aliuliza sababu ya kuchelewa. Nilisema ukweli, nikiwa nimesimama, wote wakisikia: sababu ni mimi mwenyewe, nilikuwa mpweke. Hakimu akasema upweke si sababu inayotambulika, na warithi wakitaka kunishtaki kwa hasara waliyoipata wana haki hiyo. Fundi mitambo alitaka. Nesi alikuwa analia tu. Kitinda mimba akasema, "Hapana mheshimiwa, tunataka faili lifungwe." Likafungwa. Niliusikia muhuri ukigonga, mlio ninaoujua kuliko sauti yangu, na tukatoka kila mtu na njia yake.

Simu ilinyamaza. Wiki ya pili nilidhani imeharibika, nikamwomba muuza duka anipigie. Ikaita vizuri tu. Akaniuliza, "Nizungumze au nikate?" Nikamwambia kata.

Jumanne zilipita, vyombo nikaviosha mwenyewe. Nilisikia saluni imefunguliwa, imepakwa rangi, na wateja wa zamani wamerudi, si wote. Mwezi ulipokwisha nikapiga moyo konde. Jumamosi, saa tatu, nikaingia kwa mlango wa mbele kama mtu mwingine yeyote, nikakaa mwisho wa benchi. Watu wanne mbele yangu. Kitinda mimba aliniona kwenye kioo, akaendelea na kazi. Nikangoja. Kwa miaka thelathini na nane, dirishani, wengine ndio walioningoja mimi.

"Anayefuata."

Nikakaa kwenye kiti. Akanifunga kitambaa shingoni, si kwa kukaza, si kwa kulegeza. Akawasha mashine, akaizima tena.

"Mzee," akasema, "unanyolewaje?"

Mzee. Miaka yote ile amefagia nywele zangu, anajua.

"Kama kawaida," nikamjibu.

"Kawaida ipi?"

Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza tu, kama anavyomuuliza mgeni, na alikuwa anangoja jibu. Nikajitazama kwenye kioo, lile zee lenye vichaka masikioni, nikafungua mdomo ili nimweleze, pembeni apunguze kiasi gani, nyuma aache wapi. Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kuniuliza.