Pijo ya Kumrudisha Truphena

"Kuku wako wametaga tena kwenye kiti cha nyuma," mzee Egwang aliniambia. Mayai matatu yalikuwa ndani ya kofia yake kama ushahidi wa kortini. "Mama Zilpa, hii kiti nimeshona wiki mbili. Si kiota."

Nilikuwa naosha sufuria za wateja wangu, madereva wa trela ambao hula kwangu wakingoja foleni ya mpaka isogee. Sikuinua kichwa. Nilimwambia kuku si wajinga, wameona gari limekaa miaka mitatu bila kwenda popote wakajua ni nyumba. Akasema nifunge kuku. Nikasema afunge milango. Akasema milango bado haina vitasa. Nikamuuliza sasa kosa ni la kuku ama la vitasa. Aliweka mayai juu ya meza yangu, akavaa kofia na kuondoka akinung'unika Kiteso, lugha ambayo naielewa kuliko anavyodhani.

Lazarus Egwang ni jirani yangu hapa Malaba, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Kazi yake ni kushona maturubai. Trela zikijipanga kuelekea Uganda, yeye hupita kando yake na sindano kubwa na uzi uliopakwa nta, akitafuta turubai lililoraruka. Hupanda juu ya mzigo na kushona akiwa amepiga magoti. Foleni ikisogea, naye anasogea nayo huko huko juu. Siku moja alivushwa mpaka ng'ambo akiwa bado anafunga fundo, ikabidi arudi kwa miguu akijieleza kwa askari wawili.

Lakini kabla ya maturubai alikuwa makanga wa teksi. Miaka ile teksi za Busia zilikuwa Pijo 404, zile ndefu zenye viti vya mistari mitatu na gia kwenye stelingi. Siku alipomchukua Truphena kwao Matayos, mwenye gari alimwazima Pijo pamoja na dereva. Bibi harusi aliketi mbele karibu na dereva. Shangazi zake walijaza katikati na nyuma. Egwang, bwana harusi mzima, alisafiri juu ya kerya, pale paani pa kufungia mizigo, akishikilia godoro lisipeperuke. Hadithi hii amenisimulia mara nyingi, na kila mara anacheka mpaka afike kwenye godoro, halafu ananyamaza.

Pijo ile ile ilikuja kufia kwa mwenyewe, nyasi zikaota ndani. Mwenye gari alipofariki wanawe wakataka kuikata iuzwe kwa kilo. Egwang aliposikia hakulala. Asubuhi alimfungua mtamba wa Truphena, ng'ombe ambaye mke wake alimlea kwa mkono tangu akiwa ndama, akampeleka sokoni. Jioni gari liliingia hapa likivutwa na trekta, bila magurudumu mawili.

Truphena hakupiga kelele. Alilizunguka gari mara moja, akaingia nyumbani kufunga nguo zake. Akaenda kwa mama yake Matayos, ambako mama alikuwa tayari mzee na peke yake, kwa hiyo watu hawakuweza hata kusema amekimbia ndoa. Nilimwambia Egwang amfuate kesho yake. Bodaboda zipo, matatu zipo, miguu ipo. Akanijibu, "Nilimleta na hii gari. Nitamrudisha na hii gari, na mara hii nitakaa kando yake." Nilimwita mpumbavu mbele yake, nikamwita tena nyuma yake.

Akaanza kazi. Pesa hakuwa nazo, kwa hiyo alitengeneza kwa kile ambacho mpaka ulimpa. Sakafu iliyoliwa na kutu aliikata yote na kuweka bati la pipa la mafuta ya kupikia. Mpaka leo ukiinua mkeka unaona nusu ya picha ya alizeti. Viti alivishona kwa turubai la kijani, ndani akajaza sponji la magodoro ya zamani, na mshono wake ni mzuri kuliko wa kiwandani, hilo sitamnyima. Dereva asiyekuwa na cha kumlipa alimpa mkebe wa grisi, kipande cha hosi au betri iliyochoka. Kabureta ilitoka Tororo ndani ya kikapu cha dada yake Akurut, chini ya karanga. Rangi alipaka kwa brashi, ile ya krimu ya kupaka milango, na ukisogea karibu unaona brashi ilipogeukia.

Kila Jumapili baada ya kanisa aliketi kwenye stelingi, mlango wa upande wa pili ukiwa wazi. Hakuwa anafanya lolote. Mara anapangusa kile kiti kingine kwa kiganja, mara anakitazama. Simu walikuwa wanapigiana. Nilisikia upande wake, na yalikuwa mazungumzo ya mvua, ya matanga, ya bei ya sukari. Hakuna aliyemtaja ng'ombe. Akikata simu alikuwa anabaki nayo mkononi muda, kama mtu aliyeshika sahani ameambiwa chakula kimeisha.

Mwaka huu, mwezi wa nane, Pijo ilinguruma. Alikuwa amezungusha hendeli asubuhi nzima, jasho limeloanisha hata mkanda. Moshi ulijaa uani kwangu, nikaanua nguo nikimtukana, halafu nikaona anavyolia nikaacha. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Jua likiwa kali, petroli ilichemka ndani ya pampu na injini ikazima. Dawa yake alikuwa ameigundua mwenyewe: kitambaa kibichi juu ya pampu, subiri kidogo, kisha uguse pedeli ya mafuta kwa kidole gumba cha mguu, si kwa unyayo. Ukikanyaga kwa nguvu inafurika, na hapo utashinda njiani.

Alipanga kwenda kumchukua Truphena Jumamosi. Alhamisi Truphena akapiga. Mama yake, Roselida, alianguka nyuma ya jiko na mguu hausimami. Bodaboda haingembeba mtu wa miaka ile amevunjika. Akauliza polepole kama ile gari inatembea kweli ama ni maneno ya watu.

"Inatembea," Egwang akasema. Uso wake uling'aa nikaona meno ambayo sikujua bado anayo. Halafu akakumbuka ni nani wa kubebwa, na uso ukazima.

Kwetu huku, kwa Wateso na kwa Waluhya vilevile, mtu na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na kukaa gari moja ndiyo kabisa hapana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Anayevunja mwiko huo anatoa mbuzi kwa mama, na mpaka mbuzi atolewe, boma lile hakanyagi, wala hata mke wake hawezi kumchukua pale. Egwang alikuwa ameshika heshima hiyo miaka yote ya ndoa. Sauti ya Roselida aliijua kupitia ukutani tu.

Basi gari aliloliota akampa Osukuku, dereva wa trela mstaafu, mwili mkubwa, subira hana. Mimi nikaingia nyuma, maana alihitajika mwanamke wa kumshika mgonjwa. Egwang alipanda bodaboda na kufuata. Nilitazama nyuma tulipopita Alupe. Alikuwa pale katika vumbi letu, ameshika kofia, macho hayatoki kwenye gari lake. Nilikuwa nimemdhihaki kwa miaka mitatu.

Kule Matayos Egwang alibaki barabarani wakati tunambeba mama, tumpeleke hospitali Busia. Truphena aliketi nami nyuma, kichwa cha mama mapajani kwake. Alipitisha mkono kwenye mshono wa kiti, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hatukufika mbali. Saa saba, jua la utosi, Pijo ikakohoa na kuzima. Osukuku akafanya kile alichoambiwa asifanye. Akakanyaga kwa unyayo kama anaua nge. Harufu ya petroli ikajaa. Bodaboda ya Egwang ilisimama hatua hamsini nyuma yetu, akaanza kupaza sauti kuelekeza, kitambaa, maji, usikanyage. Osukuku akamjibu kwamba yeye ameendesha mpaka Kongo na hafundishwi na mshona turubai. Mama alikuwa anauma leso yake asipige kelele.

Truphena akashuka na kumwendea mume wake, akamwita kwa jina la mtoto wao. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia.

"Kuja uwashe gari, Baba Collins."

"Mama yuko ndani."

"Najua yuko ndani. Anaumia."

"Nikimwona uso nitakufuataje tena pale kwenu? Mbuzi sina. Unajua nimemaliza kila kitu kwa hii gari."

Truphena akasema, "Mtamba wangu alikuwa anaitwa Nekesa. Hata siku moja hukuuliza kama namkumbuka. Sasa kuja uwashe, isiwe alikufa bure."

Alikuja kinyumenyume. Naapa hivyo. Mtu mzima anatembea nyuma barabarani, bodaboda zinapiga honi, watoto wa shule wanacheka, naye anapapasa boneti kwa mkono wa nyuma. Boneti ilipofunguka ikamficha. Alivua shati, akalilowesha kwa maji yangu ya kunywa na kuliweka juu ya pampu, akasubiri. Ila kuwasha kulihitaji mguu wake mwenyewe, na mguu unakaa ndani ya gari. Osukuku aliteremka akitukana Wafaransa wote, akaenda kupanda ile bodaboda.

Egwang aliingia ameinamisha shingo kama anayeingia kibanda cha kuku. Truphena alikaa mbele, kando yake, akafungua leso yake ya kiunoni na kuishikilia juu kwa mikono miwili, pazia kati ya mume na mama. Injini ikaitika mara ya pili. Hangeweza kuiachia Osukuku tena, ingezima. Hivyo tukaenda mpaka Busia, yeye akiendesha kifua wazi, mke wake kando yake kwenye kile kiti, mikono imeinuliwa njia nzima. Mara moja tu Egwang aliinua mkono kutoka kwenye gia, akashikilia pembe moja ya leso ili mke apumzishe upande ule.

Kitu ambacho hakuna aliyekumbuka ni kile kioo kidogo cha juu. Kwenye matuta ya kuingilia mjini leso ilishuka kidogo. Egwang aliangalia kioo kama dereva yeyote, na ndani yake macho ya Roselida yalikuwa wazi, yanamtazama. Niliona shingo yake ikikauka. Aligeuza kioo kikatazama paa, lakini jambo lilikuwa limekwisha kuwa.

Mguu ulifungwa plasta. Mama alirudi Matayos kwa gari la jirani, na Truphena naye. Egwang alirudi kwa maturubai. Sasa alikuwa na gari linalotembea na hakuwa na mahali pa kulipeleka. Alishona mpaka vidole vikatoka damu, akitafuta mbuzi. Alituma ujumbe Matayos kwamba mbuzi atamleta mwezi wa kumi na mbili, aombewe muda. Jibu halikuja. Jumapili zile mlango wa upande wa pili aliufunga.

Wiki ya sita Truphena alishuka matatu hapa barabarani, mkononi mkoba mdogo, wa mtu wa kurudi siku hiyo hiyo. Alinisalimia na kupita. Mume wake alikuwa amekaa chini amepakata turubai, akataka kusimama, likamwelemea.

Truphena aliketi kando yake akashika upande wa pili wa turubai, amsaidie kulinyoosha. Alisema atakaa kule mpaka mama atembee, na mama akitembea atapiga simu achukuliwe, na asichukuliwe na matatu.

"Na mbuzi?" Egwang akauliza, hamtazami.

"Mama anasema mbuzi wa nini. Alikuwa amefunga macho kutoka Matayos mpaka Busia."

"Mama Collins, tulionana kwenye kioo."

"Amesema alikuwa amefunga. Unataka kubishana na mama yangu?"

Egwang akasema hapana, hataki kubishana. Akaingiza uzi kwenye sindano. Ilimchukua mara nne, na hapakuwa na upepo.