Shavu Lililotuna Kabla ya Magharibi

Wanawake wa mtaa wetu hapa Ibb, Yemeni, wakinitaja husema, "Yule aliyetafuna mirungi mchana wa Ramadhani." Jina langu ni Nuria, lakini nani analikumbuka?

Nilikuwa na miaka thelathini, mke wa Mukbil, na binti mmoja wa miaka sita, Ibtihali. Ramadhani ile shavu langu la kushoto lilianza kutuna nikiwa jikoni. Nikikaanga sambusa, nikikamulia ndimu kwenye pilipili, mate yalinijaa kama mfungaji yeyote, na shavu likapanda, likawa gumu, likaniuma hadi sikioni. Tukishafuturu, lilipungua taratibu.

Kwetu shavu lililotuna lina maana moja tu: donge la mirungi. Wanaume hukaa nalo tangu chakula cha mchana mpaka magharibi, na sisi wanawake tuna vikao vyetu. Sikatai, miezi mingine nilitafuna na wenzangu. Ndiyo maana hakuna aliyesita kunihukumu.

Wa kwanza kuliona ni mwanangu. "Bibi, njoo! Mama anatafuna!"

Mama mkwe wangu, Haja Saada, akaja na mwiko mkononi. "Fumbua kinywa."

Nikafumbua.

"Umemeza, mlaaniwa wee!"

"Haja, wallahi nimefunga. Nishike hapa, panauma."

"Jishike mwenyewe! Mie nimezeeka na mirungi, leo nisilijue shavu la mirungi?"

Walinivizia siku tatu. Kila siku saa ile ile, shavu lile lile. Siku ya tatu Mukbil mwenyewe alinikuta jikoni.

"Unamfundisha mtoto kumdanganya Mungu?"

Hata mimi sikujua nina nini. Akanipa talaka chungu kikiwa motoni. Ibtihali akabaki kwao. Watu wakasema mama wa namna ile hafai kulea.

Nikahamia kwa kaka yangu. Miaka minne nilikula nikiwa nimegeukia ukuta. Mwaka wa nne nikashikwa na homa, usaha ukanitoka kinywani, ndipo wifi yangu akanipeleka kwa Daktari Rashida.

"Huvimba lini, dada? Ukila? Au hata ukinusa chakula?"

Nikalia kabla sijajibu. Wote waliniuliza nimekula nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni lini.

Alinipa dawa ya usaha, akaniita tena baada ya siku kumi. Siku hiyo akanipa kipande cha ndimu ninyonye, na shavu likapanda mbele ya macho yake.

"Hii ni tezi ya mate," akasema. "Mate hupita kwenye mrija mwembamba, hutokea hapa ndani ya shavu, mkabala na gego la juu. Wako umeziba."

Akapapasa kwa kidole ndani ya shavu, akanichoma ganzi, akachana kidogo. Kikatoka kijiwe kama punje ya mchele. Akaniambia ninywe maji mengi, nikande shavu kuelekea mdomoni, ninyonye ndimu mara kwa mara.

Nilikitia kijiwe kwenye kichupa nikaenda nacho kwa Mukbil. Nilimtaka mwanangu tu, ajue mama yake hakufanya lile.

Haja Saada alikitazama akacheka. "Kokwa la ndimu hilo! Na liwe jiwe; kwani jiwe linajua Ramadhani, likungojee saa ya kupika futari?"

Mukbil hakuinuka kwenye mto wake. Shavu lake mwenyewe lilikuwa limejaa. "Yamepita, Nuria. Usichokoe."

Ibtihali, sasa wa miaka kumi, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, nilikuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Lakini mimi nilikuona."

"Ulichokiona ni ugonjwa. Nikisikia harufu ya chakula, au ndimu, shavu lilikuwa linavimba."

"Basi fanya tena, nione."

Ndimu nilikuwa nayo mfukoni. Nikaiuma na ganda lake. Mtoto akanikodolea shavu la kushoto bila kupepesa. Mate yakaja mengi, yakapita vizuri, kama maji kwenye mfereji uliozibuliwa. Nikaiuma tena. Shavu likabaki bapa. Daktari alikuwa ameniponya, na ushahidi wangu wote aliutoa pamoja na kijiwe.

Ibtihali alingoja kidogo. Kisha akasema, "Unaona?" akaingia ndani.

Sasa ni mtu mzima, ana mtoto wake. Mjukuu huyo sijamtia machoni. Kichupa bado ninacho, na Ramadhani shavu langu haliumi kabisa.