Mkeka Ambao Sikuuomba

Katika boma la Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kesi za kuidharau mahakama hazikuwa na uzito. Nilikuwa karani na mkalimani pale, kijana niliyetoka shule ya misheni na viatu vyangu vya kwanza vya ngozi, na niliziona nyingi. Mzee aliyesinzia akakoroma wakati Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya na hakimu wetu, anasoma hukumu aliambiwa akae benchi la nyuma mpaka mahakama inyanyuke. Mchunga ng'ombe aliyekataa kuvua kofia yake ya manyoya alifagia uwanja wa boma asubuhi nzima, akarudi, akavua, akasamehewa. Mwingine alicheka. Alipoulizwa anacheka nini, akasema anacheka kaptura ya askari, na kweli kaptura ilikuwa imechanika nyuma. Huyo alilala mahabusu siku moja. Njia ilikuwa ileile kila mara: unaonyeshwa kosa lako, unapewa muda wa kufikiri, unarudi kuomba radhi, shauri linafutwa. Asiyeomba radhi angefungwa, lakini mimi sikuwa nimemwona asiyeomba.

Kisha akaja yule mama.

Aliitwa kuwa shahidi wa mkwewe, kijana aliyekuwa akipakia malori ya mizigo kutoka stesheni ya reli kwenda migodi ya dhahabu upande wa Geita. Sanduku moja la baruti lilikuwa limepotea ghalani. Mlinzi wa ghala alisema alimwona kijana huyo akitoka Jumamosi adhuhuri na mzigo begani, ingawa alimwona kwa mgongo tu. Kijana akasema Jumamosi hiyo hakuwepo mjini kabisa. Alikuwa kwa wakwe zake, mbele ya Kolandoto, akiezeka kihenge cha mahindi. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa. Mkewe alikuwa amelazwa hospitalini Kolandoto akisubiri kujifungua. Majirani walikwenda mnadani. Mtu mzima aliyekuwepo siku nzima ni mmoja tu, mama mkwe, na bila maneno yake kijana alikuwa anakwenda jela.

Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akimwona anakuja, mama huiacha njia akaingia majanini mpaka mkwe apite. Chakula chake hukiweka kizingitini, akakohoa, akaondoka. Watu wa mbali hudhani ni ugomvi. Ni heshima, na kwa wazee wetu hapana heshima iliyo juu ya hiyo. Kuivunja ni sawa na kuvua nguo mbele ya mtoto wa kumzaa. Siku ile ya kihenge mama alikuwa chini, akimpa mjukuu, mtoto wa mwanawe mwingine, matita ya nyasi, mjukuu akimpa kijana juu. Aliziona nyayo zake zikining'inia. Alisikia akipiga nyasi, akikohoa, akiomba maji. Hakuwa na shaka hata chembe.

Sasa mahakama yetu ilikuwa chumba kidogo, na kizimba cha shahidi kilielekea kizimba cha mshtakiwa, hatua tatu tu kati yao. Mama aliingia, akaona anapotakiwa kusimama, akaona nani amesimama mbele yake. Akavuta kaniki ikafunika kichwa chote. Akageukia ukuta.

"Nipo," alisema kwa Kisukuma. "Niulizeni."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Alijua Kiswahili cha kuamuru. Kwa mashahidi alinitegemea mimi. "Mwambie ageuke. Anayesema na mahakama huitazama mahakama."

Nikamwambia.

"Nasikia," alijibu mama. "Masikio yangu yapo pande zote mbili."

Watu wa mabenchini wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Bwana Shauri alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Aliamuru mara ya pili, mara ya tatu. Mama hakusogea. Yule kijana naye alikuwa ameinamisha kichwa, macho kwenye pingu zake, ili angalau yeye asimtazame.

Ningeweza kueleza. Maneno matatu yangetosha. Lakini mwezi mmoja nyuma, katika kesi ya mpaka wa shamba, nilieleza jambo la mila bila kuulizwa, na Bwana Shauri akanikatiza mbele ya watu wote kwamba amenipa kazi ya kutafsiri, si kusimulia hadithi za bibi yangu. Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho nakiandika kwa uchungu. Niliona haya. Nilitaka kuonekana mtu wa vitabu, mtu aliyekwisha kuyapita hayo. Nikakaa kimya.

Bwana Shauri akampa mama mpaka baada ya chakula cha mchana. Akirudi akisimama sawasawa na kula kiapo, amesamehewa. Asipokubali, mwezi mmoja jela kwa kuidharau mahakama, na kesi ya mkwewe itaendelea bila yeye.

Nilimkuta barazani amekaa sakafuni, askari mmoja kutoka kusini akimlinda.

"Karani, huyu kamnunia Bwana Shauri kama kamnunia mume," alisema askari. "Mimi nimekaa na mkwe wangu meza moja, tumekula ugali, wala sikufa."

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia mama.

"Mwangaluka, mwanangu." Alinitazama viatu kwanza, kisha uso. "Kwenu wapi?"

Nikamtajia kijiji. Akaitikia kwa kichwa, alikijua.

"Mayu, ni dakika mbili tu," nilisema. "Geuka, useme, umalize. Mungu anaona ni shida."

"Umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana. Sikukataa kusema. Nimetembea tangu alfajiri ili niseme. Kwenye baraza la mtemi waliwahi kuniita, shauri la mkwe huyuhuyu na ng'ombe wa jirani. Wazee wakashika mkeka wima katikati yetu, huku na huku. Nikasema yote, wakasikia, wakamaliza. Hapa hamna mkeka?"

"Hapa si kwa mtemi."

"Mkeka ni mkeka. Huyo bwana wako anaujua huo mkeka?"

"Haujui."

"Basi mwambie."

Askari akacheka. Mimi sikucheka.

"Utamwambia?" aliuliza tena.

"Nitamwambia, mayu."

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi. Bwana Shauri alikuwa anakula, karatasi zimetandazwa kando ya sahani. Aliinua macho. "Je, amekubali?"

Mkeka wenyewe ulikuwapo. Ulikuwa umeviringishwa nyuma ya mlango, ule ambao tarishi alikuwa akiswalia adhuhuri. Niliuona nikiwa nimesimama pale.

"Bado, bwana," nikasema. Akarudia sahani yake, nami nikafunga mlango polepole, kama mtu mwenye adabu.

Saa nane tulirudi. Mama alisimama vilevile, mgongo kwa mahakama, uso ukutani. Bwana Shauri hakupandisha sauti safari hii. Alichovya kalamu akaanza kuandika, na chumba kizima kikasikia ncha inavyokwaruza. Aliniambia nimfahamishe kwamba atakwenda jela mwezi mmoja, kuanzia leo. Nikamfahamisha. Mama akaitikia kwa kichwa chini ya kaniki, kama mtu aliyeambiwa kuwa mvua itanyesha.

Hapo kijana akasema, "Mwacheni."

Hakusema kwa nguvu. "Mwacheni aende nyumbani. Baruti niliichukua mimi."

Nilitafsiri. Bwana Shauri aliinua kalamu karatasini. "Umeiweka wapi?"

"Niliitupa mtoni."

Ulikuwa mwezi wa tisa. Shinyanga nzima hapakuwa na mto wenye maji. Watu walichimba mchanga ili wapate kikombe. Mabenchini mtu alikohoa. Mimi nikalitafsiri jibu neno kwa neno, kwa Kiingereza safi, na Bwana Shauri akaliandika.

Mama aligeuka.

Kaniki ilianguka mabegani. Alimtazama mkwewe usoni, mwanamume ambaye kwa miaka minne alimjua kwa kikohozi na nyayo, na kijana akafunika macho kwa mikono yake yenye pingu.

"Unasema uongo," alimwambia. "Ulikuwa juu ya kihenge changu tangu jua linatoka. Uliomba maji mara mbili. Waambie." Kisha akanigeukia mimi. "Waambie wewe."

Niliwaambia. Wakati huo hata habari ya mila niliieleza, yote, kwa haraka, maneno yakikanyagana, na ya mkeka pia. Bwana Shauri alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, karibu kwa upole, kwamba nimechelewa kidogo. Mshtakiwa amekiri mwenyewe. Shahidi hakula kiapo, na ni kawaida ya mama kumwombea mtu wa nyumbani kwake.

Kijana alipata miaka miwili. Kuhusu mama, Bwana Shauri alifuta kwa mstari alichokuwa ameandika, akaniambia niandike katika jalada kwamba shahidi ameitazama mahakama, ameonyesha utii, na shauri la kudharau limefutwa. Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri siku zile.

Jioni nilimkuta nje ya lango, anafunga kaniki kiunoni kwa safari. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza, akanizuia kwa mkono.

"Mbuzi wa kutusafisha mimi na yeye ninaye," alisema. "Ila lazima tuwepo wawili, tuoshwe pamoja. Sasa mpaka miaka miwili ipite, mimi ni mama aliyemtazama mkwe wake. Siwezi hata kumpelekea chakula gerezani." Akatazama barabara ya Kolandoto. "Na binti yangu anangoja habari. Njoo tumwambie wote wawili, wewe ndiye uliyesikia kila kitu."

Nikamwambia nina kazi, majalada hayajafungwa.

"Haya," alisema, akaondoka.

Nilisimama pale mpaka askari alipokuja kufunga lango, akaniuliza kama natoka au nabaki.