Gari la Veikko Lapanda Treni

Veikko Hyttinen ni fundi wa lifti, na katika jengo letu hapa Tikkurila, kusini mwa nchi, hakuna asiyemjua, maana lifti ikikwama hatupigi simu popote, tunagonga mlangoni kwake. Ni mtu mpole, mchache wa maneno. Lakini alikuwa na jambo moja lililomchosha mkewe Irja. Kila likizo ya shule ya majira ya baridi alipakia familia kwenye gari waende Kolari, kaskazini kabisa, kwa kaka yake Ensio. Na kila mwaka hawakufika.

Mwaka wa kwanza waliishia mjini Jyväskylä, tumbo lilimkata. Mwaka uliofuata walikaribia Oulu, akakumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme. Irja akamwambia pasi yenyewe ilikufa tangu Krismasi. Veikko akageuza gari vilevile. Safari nyingine alisingizia theluji.

"Theluji!" Irja aliniambia siku hiyo akishusha mizigo. "Mtu anakwenda kaskazini kabisa halafu anashangaa theluji!"

Sote tulijua kinachomgeuza. Ndugu wale walikuwa hawasemezani. Veikko alitaka wapatane, alitaka kweli, ila kila kibao cha barabarani kilipoonyesha Kolari inakaribia, moyo ulimrudi nyuma, na mikono iliyoshika usukani ikaufuata moyo.

Mwaka huu Irja alikuja kwangu na kikombe chake cha kahawa mkononi, akafunga mlango.

"Jirani, safari hii namtia kwenye treni."

"Na gari je? Veikko haachi gari lake."

"Nalo linapanda. Jioni tunaliingiza kwenye behewa la magari pale stesheni ya Pasila, sisi tunalala vyumbani humo humo trenini, asubuhi tuko Kolari sote na gari letu. Sasa niambie, atageuza nini? Atamwendea dereva wa treni amwambie ameacha pasi?"

Nilicheka mpaka kahawa yangu ikanimwagikia.

Veikko alipoambiwa, aliweka uma chini. "Gari langu libebwe? Kwani linaumwa?"

Binti yao Pihla, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akadakia: "Baba, kazi yako si kubeba watu kwa lifti? Kuna aliyewahi kulalamika kwamba amebebwa?"

"Wewe kula viazi vyako."

Kesho yake nilimwona uani na futi ya kupimia, kapanda kiti, anapima gari pamoja na lile sanduku la juu la kuwekea skii, mbao zao za kutelezea thelujini. Alishuka anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. "Refu mno," alimwambia mkewe. "Haliruhusiwi. Basi tena, tutakwenda kwa barabara."

Irja hakubishana. Aliniita, tukafungua sanduku, tukalishusha, skii tukazipitisha ndani katikati ya viti.

"Limekuwa fupi," alisema.

Veikko hakukata tamaa. Jioni akaanza kulalamikia mgongo: vitanda vya treni ni vyembamba. Irja akamwambia amemchukulia cha chini. Akasema atakoroma, awasumbue abiria wa vyumba vya jirani.

"Umenikoromea tangu tuoane," Irja akamjibu, "leo ndiyo umewaonea huruma watu usiowajua?"

Veikko akaenda kufunga mizigo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Irja. Pale Pasila Veikko aliingiza gari behewani polepole, akavuta breki ya mkono, akashuka, kisha akarudi kuhakikisha kama kweli ameivuta. Akaigusa boneti, ungedhani anamwacha mtoto kwa shangazi. Treni ilipoondoka walikaa kwenye behewa la chakula, wakaagiza madonge ya nyama na viazi vya kuponda. Veikko hakula. Alitazama dirishani miti ikipita na asiweze kuisimamisha.

"Baba," Pihla akauliza, "hivi wewe na baba mkubwa mligombania nini hasa?"

Irja alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini swali lilikuwa limeshatoka.

"Tulikuwa mawindoni," Veikko akasema. "Nikampiga risasi kulungu dume. Ensio akawatangazia wawindaji wote kwamba nimepiga kisiki."

"Na kilikuwa kisiki?"

"Kilikuwa na pembe!"

"Kisiki chenye pembe?"

"Kulungu! Nasema kulungu!"

"Na alikwenda wapi baada ya kupigwa?"

Veikko akaanza kuipanga chumvi na pilipili mezani. Pihla akaanza kucheka, Irja akajizuia, akashindwa, akaficha uso kwenye kitambaa cha meza. Mzee wa meza ya pili, aliyesikia yote, akageuka dirishani huku mabega yanamtikisika. Veikko akavuta sahani, akala madonge yote, yake na ya mkewe.

Asubuhi Kolari baridi ilikuwa ya kukata masikio. Magari yakaanza kushuka moja moja, ikafika zamu ya Veikko. Akawasha. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Nyuma yake foleni nzima ikangoja. Honi ya kwanza ilipolia, mtu mmoja mnene wa kofia ya manyoya alipita kando ya magari, akasimama dirishani. Alikuwa Ensio, kaja kuwapokea.

"Betri," alisema.

"Betri," Veikko akajibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Ensio akazunguka nyuma akasukuma, Veikko akashuka, akasukuma penye mlango huku ameshika usukani, mpaka gari likateremka na kusimama penye theluji. Wakabaki wamelala juu ya boneti, wanahema.

"Kile kisiki," Ensio alisema pumzi ilipomrudia, "kwa mbali kilikuwa kama kina pembe."

"Kwa mbali, ndiyo," Veikko akasema.

Likizo ilipokwisha nilimwona Irja anaegesha gari uani, Pihla kando yake, Veikko hayupo. Nikatoka mbio.

"Amebaki," Irja alisema. "Kaomba ruhusa kazini. Wametoboa barafu ziwani, wanavua, kila mmoja kakaa juu ya ndoo yake. Neno hawasemi, ila ndoo zinakaribiana."

"Na gari ulilipandisha trenini mwenyewe?"

"Mwenyewe." Alinivuta upande wa pili, akanionyesha kioo cha pembeni kilichovunjika, kimefungwa kwa utepe wa gundi. "Ila hili, jirani, wewe hujaliona."